Yai la Pointi Kumi na Moja

Karakanani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Hebu, na wageni hudhani ni kifupi cha jina fulani la kwao. Ni kifupi cha "hebu nione," maneno anayoyasema mara nyingi kuliko mtu mwenye mafua anavyopiga chafya. Ukimwambia chai imechemka, hebu nione. Ukimwambia mvua imekatika, anatoka nje na kiganja wazi. Mke wake aliwahi kutuambia kwamba alipojifungua mtoto wa kwanza, na mkunga akatoka kusema ni wa kiume, mumewe alisimama mlangoni akasema maneno hayohayo, mpaka mkunga akamfunulia mtoto.

Yeye ni mkata vioo. Vidole vyake vina alama nyeupe ndogondogo, kama punje za mchele zilizomwagika, na kila alama ina kioo chake anachokikumbuka. Mimi ni msaidizi wake. Nimekuwa msaidizi kwa miaka kumi na tisa, mvi zimenianza kabla ya kupanda cheo, lakini sikulalamika, kwa sababu cheo kingenilazimu kuongea na wateja.

Shaka yake ina chanzo. Alinisimulia mara moja tu, siku tuliyokuwa tunasubiri puti ya kushikiza kioo ikauke. Akiwa bado na ndevu za kuhesabika, katika karakana nyingine, mwenye duka mmoja alileta vipimo vya kioo cha mbele ya duka, vimeandikwa kwenye karatasi. Hebu akakata kama karatasi ilivyosema. Kioo kilipofikishwa kikapwaya kidole kizima. Mwenye duka akasema hakuandika hivyo. Watu watano waliokuwepo wakasema hata wao hawakuona hivyo. Karatasi ikatafutwa, haikuonekana. Jioni ile alifukuzwa, na vifaa vyake vikabaki kulekule. Tangu hapo haamini namba ambayo jicho lake halikuwepo ilipozaliwa.

Kwa hiyo katika kazi zetu zote yeye ndiye aliyepanda ngazi na kusoma kipimo, mimi nikabaki chini na daftari na penseli. Futi yetu ya utepe ilikatika ncha zamani, ilipobanwa na mlango wa gari, na sentimita ya kwanza yote ikaenda na ncha. Ukiisoma sitini na tatu, ujue ni sitini na mbili. Mwenye karakana, ambaye tunamwita Tajiri ingawa gari lake husukumwa kila asubuhi, aliahidi kununua nyingine, na ahadi ikachakaa kuliko futi yenyewe. Kanuni ya Hebu ikawa hii: anayesoma aseme anachokiona, anayeandika ndiye atoe moja. Kwa kifupi tulisema "toa moja," na mgeni akitusikia hakuelewa tunatoa nini.

Katika vitu vyote duniani, daftari langu ndilo pekee ambalo hakuwahi kulitilia shaka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu siongei sana. Watu humwogopa msemaji, mnyamavu wanamwona kama kabati.

Kazi ninayotaka kuisimulia ilikuja akiwa na miaka sitini na mmoja. Kulikuwa na jengo la zamani la maktaba linalokarabatiwa, na juu ya ngazi zake kulikuwa na dirisha la umbo la yai, lililosimama wima, limechongwa ndani ya ukuta wa mawe. Kioo chake kilikuwa kinene, cha rangi ya chai isiyo na maziwa, na kilikuwa kimevunjika. Kioo cha namna hiyo hakitengenezwi tena. Sisi tulikuwa na bamba moja lililobaki stoo, limefunikwa gunia miaka na miaka, na lilizidi dirisha kwa kiasi cha kiganja tu kila upande.

Tajiri alituita wote wawili akasema mlango ukiwa wazi, ili fundi wa madirisha ya alumini, tunayegawana naye karakana, asikie pia.

"Kioo ni kimoja, Mzee. Kikitoka salama, meza yako ya kukatia inabaki. Kikiharibika, meza inaondoka, alumini wanaweka msumeno wao pale, na wewe utapumzika nyumbani. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana."

"Na huyu?" Hebu aliuliza, akinionyesha mimi.

"Huyu atafundishwa kupiga riveti za alumini."

Tulipotoka Hebu aliniambia, "Umesikia alivyosema? Msumeno *wao*. Maana yake umeshanunuliwa." Nilisema labda ni maneno tu. "Maneno tu ndiyo yanayoanza," akasema.

Tulienda kupima siku iliyofuata. Kwa kawaida dirisha lenye umbo la ajabu unalitandazia karatasi, unapitisha penseli kwenye ukingo, umemaliza. Pale haikuwezekana. Upande wa ndani kulikuwa na nondo nene zilizojengewa humo humo, na mfereji wa jiwe ambao kioo hukaa ulikuwa umemomonyoka karibu wote. Tulipousugua kwa brashi tulipata sehemu kumi na moja tu ambazo ukingo wa zamani ulikuwa mzima. Hebu alizitia alama kwa chaki. Tukaninginiza timazi, uzi wenye uzito chini, upande wa kushoto, tukalaza ubao ulionyooka chini, na kila alama ikawa na namba mbili: umbali kutoka kwenye uzi wa timazi, na kimo kutoka kwenye ubao.

Alianzia chini kushoto, akapanda na yai kwenda juu. "Ishirini na nne na milimita mbili! Kimo thelathini na moja kamili!" Mimi natoa moja, naandika. Alipofika ya saba, kileleni, goti lake likagoma. Akashikilia ngazi, jasho linamtoka, akateremka kwa makalio kama mtoto.

"Nne zilizobaki panda wewe," alisema. "Lete daftari."

Nilipanda. Nikasoma nne za upande wa kulia, yeye akaandika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa.

Siku mbili baadaye mafundi rangi wakasimamisha jukwaa lao pale, wakaliziba tundu kwa mabati. Msimamizi wa jengo akasema hafungui mpaka kioo kiwe kimefika mlangoni, na atafungua mara moja tu.

Wiki ile karakana ilikuwa na minong'ono. Fundi wa alumini, mtu mzima mwenye watoto watatu na vumbi la fedha kwenye nyusi, alionekana mara mbili akizunguka meza yetu mikono nyuma. Hebu aliniuliza kama daftari liliwahi kulala nje ya droo. Nikasema Jumanne, wakati wa chakula cha mchana. Akalichukua, akaliinamisha kwenye mwanga, akatafuta alama za ufutio. Hakuziona, na kutoziona kukamtia wasiwasi zaidi. "Mtu mjanja anafuta bila kuacha uchafu," alisema.

Jumamosi asubuhi ndipo alipokuja Kitinda. Huyo ni binti yake wa mwisho, anafanya kazi katika ofisi ya wapima ardhi, na kazi yake ni hesabu za kompyuta. Aliingia na begi begani. Baba yake alikuwa anapaka mafuta ya taa kwenye almasi, yaani kile kigurudumu kidogo cha kukatia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nani kakuita?"

"Tajiri."

"Kwa nini hakuniambia mimi nikuite?"

"Baba, si nimeshafika? Ningekuwa na ubaya ningekuja kwa kunyata."

"Wabaya wa siku hizi hawanyati. Wanabeba begi."

Kitinda alicheka, akanisalimia, "Hujambo, baba mdogo?" akafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia, kitu ambacho hakuna mtu mwingine angethubutu. Tajiri naye akaja, akakaa juu ya kopo la rangi. Binti akaeleza. Alisema umbo la dirisha linaitwa duaradufu. Neno hilo nililisikia kwa mara ya kwanza. Sisi tunasema yai, na hata kuku hajalalamika. Alisema ameandika programu, mistari thelathini hivi, ambayo ukiipa pointi chache zilizopimwa ukingoni inatafuta yai linalopita karibu nazo zote kuliko mayai mengine yote. Inapima kila pointi imekosea kwa kiasi gani, inazidisha kosa kwa kosa, inajumlisha, na yai lenye jumla ndogo kabisa ndilo jibu. Amelazimisha pia kwamba mstari lazima ufunge, kwa sababu pointi zikiwa chache hesabu inaweza kukuletea mstari uliofunguka kama upinde.

"Imeandikwa kwa lugha gani?" Hebu aliuliza.

"Paithoni."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni jina tu, Baba. Kwa Kiingereza, chatu."

Hebu aliweka almasi chini. "Mwanangu, chatu hatafuni. Anameza kilichowekwa mbele yake, kiwe mbuzi, kiwe ndoo."

"Ndiyo maana nimekuja kumlisha mwenyewe. Nisomeeni namba."

Nikasoma kutoka kwenye daftari, yeye akaandika ndani ya mabano, mbili mbili. Akabonyeza. Zikatokea nukta nyekundu kumi na moja na mstari wa buluu. Hata mimi niliona kwamba kuna kitu. Lilikuwa yai lililokaliwa na mtu mnene. Upande wa kulia ulikuwa umebonyea, kichwa kimelalia pembeni, na nukta nyingi hazikuugusa mstari.

"Hapana," alisema Kitinda. "Namba zina kasoro."

"Namba au chatu?"

"Sikiliza, Baba. Kulichora yai, pointi tano zinatosha. Hizi sita za ziada ni mashahidi. Na mashahidi wako wanagombana."

Akajaribu kuziondoa moja moja. Ugomvi ukabaki. Akaziondoa nne za mwisho kwa pamoja, na mara mstari ukapita katikati ya zile saba kama uzi kwenye shanga.

"Saba za kwanza zinakubaliana mpaka milimita moja," alisema. "Nne za mwisho zinasema mambo yao."

"Basi tumia hizo saba tukate," alisema Tajiri.

"Siwezi. Saba zote ziko kushoto na juu. Nikizitumia peke yake, kulia ninabahatisha. Milimita moja ya huku inakuwa nusu sentimita ya kule."

Tajiri alinyoosha mkono nikampa daftari. Akalitazama muda mrefu. "Saba za kwanza mwandiko mmoja," alisema polepole. "Nne za mwisho mwandiko mwingine. Huu mwandiko mkubwa ni wa nani?"

"Wangu," alisema Hebu.

"Ahaa."

Ile ahaa ilikuwa fupi, lakini sote tuliisikia ikishuka mezani. Fundi wa alumini, aliyekuwa anapita na fremu, akaacha kupita.

"Ni macho, Mzee," alisema Tajiri. "Si aibu. Mama yangu naye anaweka chumvi kwenye uji akidhani sukari."

Hebu alimgeukia binti yake. Sijawahi kuona uso wake vile. "Umeniletea chatu aje kunimeza mimi?"

"Baba, mimi sikujua nani kaandika wapi!"

"Alijua aliyekutuma."

"Hakuna aliyenituma kitu. Niliitwa nihesabu yai."

"Na mbona mnasema nne ndizo za uongo? Kwa sababu saba ni nyingi? Mimi nilishaona watu watano wakikubaliana kwa sauti moja, na wote watano walikuwa waongo. Labda saba ndizo mbovu. Labda mashine ndiyo mbovu. Mashine haijawahi kupanda ngazi."

Tajiri alitaka kusema, lakini Kitinda alimwahi. "Ana haki," alisema. "Kwa pointi hizi peke yake siwezi kuapa."

Hebu akafikiri. Halafu akasema, "Nipeni saa moja," akachukua kipande cha plaiwudi, misumari miwili, uzi na rula ndefu ya chuma ya mezani, akaingia stoo akafunga mlango kwa ndani. Tulimsikia akigonga. Alipotoka, kwenye plaiwudi kulikuwa na yai safi la penseli. Mafundi wa zamani huchora hivyo: unagongelea misumari miwili, unafunga uzi mrefu kidogo kutoka mmoja hadi mwingine, unauvuta kwa penseli mpaka ukaze, unazunguka. Lakini misumari aliing'oa, na matundu yake akayaziba kwa puti, chatu asije akachungulia. Urefu na upana halisi aliuandika kwenye kikaratasi akakitia mfukoni, akafunga kifungo.

"Hili nimelichora mimi. Najua ukweli wake. Tuone kama mashine yako inaujua."

"Sawa," alisema Kitinda. "Ila mpime kama mlivyopima siku ile. Mtu yuleyule pale pale, futi ileile. Msirekebishe chochote."

Nilielewa kwamba binti naye alikuwa na shaka yake, ila hakusema anamshuku nani. Tukaisimamisha plaiwudi ukutani, tukaweka timazi na ubao, tukatia alama kumi na moja. Hebu akasoma saba, nikaandika. Tukabadilishana. Nikasoma nne, akaandika. Nilimtazama akiandika, aliandika taratibu, ulimi nje kidogo, kama mwanafunzi wa darasa la pili. Tajiri alikuwa amesimama kando yake akimtazama macho.

Kitinda akalisha namba. Likatokea yai lilelile lililokaliwa.

Akaondoa nne za mwisho. Mstari ukanyooka. Akasoma kwa sauti ndogo, "Urefu sentimita mia moja na milimita mbili. Upana sitini, kasoro milimita tatu."

Hebu akafungua kifungo cha mfuko. Kwenye kikaratasi palikuwa na maneno mawili: mia, sitini.

Alikuwa ameitega mashine, na mashine imepita salama, na sasa alikuwa ameshuhudia kwa macho yake kwamba zile nne mbovu ni za mkono wake. Alikaa juu ya gogo la kukalia, akaanza kufuta almasi kwa kitambaa, kwa namna ambayo mtu hufuta kitu anachokwenda kukirudisha.

"Basi Mzee," alisema Tajiri, na safari hii kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Tusiendelee kujiumiza. Nitawapigia wale wa mjini wenye mashine."

Mimi nilijua macho yake hayana kitu. Mtu anayeona unywele ndani ya kioo akiwa hatua kumi hawezi kukosea namba nane mfululizo. Na kama si yeye, tulikuwa wawili tu. Kusema mbele ya watu watatu wanaonitazama ni kitu ambacho hata harusini kwangu kilinishinda. Shahidi wangu ndiye aliyejibu, mchungaji akamkemea. Kwa hiyo sikusema. Nilichukua futi nikaenda kwenye plaiwudi, nikaishika kwenye alama ya nane, nikabaki nimeinama pale.

"Baba mdogo anafanya nini?" Kitinda aliuliza.

"Sitini na tatu," nilisema. "Futi inasema sitini na tatu."

Tajiri akafungua daftari. "Hapa kaandika sitini na moja! Si nilisema? Kasikia tatu kaandika moja."

"Sikumwambia sitini na tatu," nilisema. "Nilimwambia sitini na mbili."

"Kwa nini umwambie sitini na mbili wakati futi inasema sitini na tatu?"

Hebu alikuwa ameacha kufuta. Alininyanyulia kichwa polepole.

"Ulitoa?" aliniuliza.

"Nilitoa."

"Unasoma, halafu unatoa?"

"Sikujua kama natoa, Kaka. Namba ikinipitia kichwani inatoka imepungua. Hata dukani nikiambiwa mayai kumi na mbili, moyo unasema kumi na moja."

Hebu alifumba macho. "Na mimi nilikuwa ninaandika," alisema. "Anayeandika ndiye anatoa. Nikatoa."

"Mnatoa nini?" Kitinda alipiga kelele. "Kuna mtu ataniambia mnatoa nini?"

Akaonyeshwa futi. Aliitazama ile ncha iliyokatika, akasoma namba moja pale ambapo sifuri ingekuwa, akakaa chini sakafuni na nguo zake za ofisini, akacheka mpaka akashika tumbo. Baba yake hakucheka. Binti alipopata pumzi alisema jambo ambalo nimelikumbuka tangu siku ile. Alisema kama tungekosea pointi zote kumi na moja kwa namna ileile, asingejua kamwe, na pasingeharibika kitu: yai lote lingehamia pembeni na chini sentimita moja, likiwa na umbo lilelile. Kilichotuponza ni kukosea nusu.

Akaongeza moja kwenye namba nane za dirisha, akabonyeza. Mstari ukapita kwenye nukta zote, na iliyokosea zaidi ilikosea milimita mbili. Urefu sentimita mia na ishirini na nne, upana themanini na sita, na yai limeinama digrii moja kulia.

"Limelewa?" Tajiri aliuliza.

"Jengo limekaa vibaya," alisema Hebu. "Lina miaka mingi." Halafu akamtazama Tajiri, akanionyesha mimi, akasema, "Namba zimeharibikia mikononi mwetu wawili. Macho yangu yasitajwe tena."

"Sikatai," alisema Tajiri. "Lakini bamba ni lilelile moja, na nilichosema kuhusu meza sijakifuta." Akanigeukia. "Kumbe na wewe unaongea."

Tulikata Jumatatu. Kitinda alimpa baba yake umbali wa misumari na urefu wa uzi, na Hebu akavipiga hesabu upya kwa penseli ukutani, robo saa nzima, kabla ya kugonga msumari wa kwanza. Akachora yai kwenye plaiwudi, akapunguza milimita tatu kuzunguka ili kioo kipate pa kupumulia, tukalaza bamba juu yake. Rangi ya chai ilionyesha mstari vizuri. Alivuta almasi mzunguko mmoja bila kuinua mkono. Sauti yake ilikuwa kama ya kitambaa kinachochanwa mbali. Halafu akakata mistari mifupi kutoka kwenye yai kwenda ukingoni, na tukaanza kuvunja vipande vya nje kimoja kimoja, mimi nikishika, yeye akigonga kutoka chini. Fundi wa alumini alikuja kusimama. Kipande cha tano kilikataa. Hebu akagonga tena, kikalia vibaya, ufa mdogo ukakimbia kuelekea ndani ya yai, ukafika kwenye mstari, ukasimama pale. Kipande kikaanguka.

Jumanne mabati yalifunguliwa. Tulikipandisha kioo kutoka nje kwa jukwaa la mafundi rangi, watu wanne, Hebu akiwa chini kwa sababu ya goti, akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Kiliingia kwenye mfereji wa jiwe, kikapita karibu na alama zote kumi na moja bila kubana hata moja, kikakaa. Msimamizi alipiga jiwe kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe. Tajiri alipiga simu mbili, ya kwanza ya furaha, ya pili ya kusema msumeno usiletwe. Kumbe kweli ulikuwa umenunuliwa.

Tulirudi kwa miguu, sisi wawili, kwa sababu gari lilikataa. Kwenye kona ya karakana akasimama.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "sijawahi kuomba kuona daftari lako."

"Ndiyo, Kaka."

"Mke wangu naomba. Wanangu naomba. Daktari naomba. Wewe tu ndiye sikuomba."

Sasa goti lake halipandi tena ngazi, mimi ndiye ninayepanda, na kila namba ninayoisema ananiuliza mara mbili. Wakati mwingine ananifanya nishike mkono pale pale, anarudi nyuma, anaazima darubini ya mlinzi, anasoma mwenyewe kutoka chini. Wiki iliyopita tulikuwa tunapima kidirisha cha choo, kioo cha ukubwa wa sahani, na nilikuwa nimeshateremka mara tatu.

"Kaka," nilimwambia, "ni dirisha la choo."

"Panda," akasema.

Nikapanda.